Dominika bila padri: je, ibada ya katekista ni liturujia?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Kigango chetu, kituo kidogo cha parokia, kiko karibu na Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na padri hutufikia mara moja kwa mwezi. Dominika nyingine katekista, mlei anayefundisha dini, ndiye anayetuongoza: masomo, maelezo, maombi, Baba Yetu. Jirani yangu anasema hiyo si liturujia, ni sala tu kama rozari ya nyumbani, kwa hiyo mtu akienda zake sokoni hajapungukiwa kitu. Wengine nao wanamsukuma katekista afanye "kama padri" ili watu wasihamie kwa walokole. Liturujia ni nini hasa, na sisi tuko upande gani?

Jibu: Milele na milele, amina. Jirani yako amekosea, na hao wanaomsukuma katekista wamekosea vilevile. Tena kosa lao ni moja: wote wanadhani liturujia ni kazi ya padri. Huyo anaona padri hayupo, basi liturujia haipo. Hao wanaona padri hayupo, basi atafutwe wa kumwigiza.

Liturujia ni ibada rasmi ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika hati ya Sacrosanctum Concilium ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 7, unafundisha kwamba anayetenda katika liturujia ni Kristo Kuhani pamoja na mwili wake, yaani Kanisa zima, kichwa na viungo. Shabaha yake ni Mungu atukuzwe na watu watakatifuzwe. Namba hiyohiyo inataja Kristo anavyokuwapo: katika padri anayeadhimisha Misa, na hasa katika maumbo ya Ekaristi (mkate na divai), katika sakramenti, katika neno lake linaposomwa kanisani, na katika waamini wanaposali na kuimba pamoja. Sasa angalia kigango chenu siku padri hayupo. Neno lipo, kusanyiko lipo. Kinachokosekana ni kikubwa, wala sitakupunguzia uzito wake: ni sadaka ya Misa, kilele na chemchemi ya maisha ya Kanisa. Lakini Liturujia ya Neno mnayoiadhimisha ni liturujia kweli.

Rozari je? Ni sala njema, Kanisa linaihimiza, ila unaianza upendapo na kuiacha upendapo, hata ukiwa ndani ya teksi. Liturujia unaikuta ikikungoja. Ina vitabu vilivyoidhinishwa, ina kalenda, ina mzunguko wa masomo ya Dominika wa miaka mitatu, A, B na C. Katekista wenu hakujichagulia Injili ya Dominika hii. Ni ileile inayosomwa Rubaga, Gulu na Roma. Ndiyo maana namba 22 ya hati hiyo inakataza mtu yeyote, hata padri, kuongeza, kupunguza au kubadili kitu katika liturujia kwa matakwa yake. (Mapadri wenzangu ambao Misa zao hugeuka mikutano ya matangazo na harambee nao waisome hiyo namba.)

Sisi wa Uganda tulionja mapema maisha bila padri. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Buganda Februari 1879, na mwaka 1882 wakaondoka kwenda kusini mwa ziwa. Hawakurudi hadi 1885. Katika miaka hiyo walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa ndio waliowakusanya wenzao, wakawafundisha na kusali nao. Kisha Mei 1886, kule Munyonyo, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alimbatiza kijana Kizito na wakatekumeni wengine, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, kabla hawajapelekwa kuuawa. Lwanga hakuwa padri, na ubatizo ule ulikuwa sakramenti kamili: katika dharura mtu yeyote aweza kubatiza, mradi atumie maji na maneno ya Utatu Mtakatifu, akikusudia kutenda linalotendwa na Kanisa. Kwa Ekaristi hakuna dharura ya namna hiyo. Bila padri hakuna Misa, hata kifo kikiwa mlangoni.

Kwa hiyo waambieni hao wanaomsukuma katekista wamwache. Daudi Okelo na Jildo Irwa, vijana wa Kiacholi waliouawa Paimol mwaka 1918, walikuwa makatekista, na kwa ukatekista wao huo Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri mwaka 2002. Hawakuhitaji kujifanya mapadri.

Mwongozo wa Vatikano wa mwaka 1988 kuhusu Dominika bila padri umeweka mipaka wazi. Mlei anayeongoza ni mmoja kati ya ndugu zake: haketi katika kiti cha padri, hasemi "Bwana awe nanyi", na mwishoni haweki mkono juu ya watu kuwabariki, bali anaomba baraka akijihesabu miongoni mwao. Sala ya Ekaristi haiguswi kabisa. Maandamano ya vipaji nayo yaachwe; mchango wa kigango kusanyeni, lakini ndizi na kuku zipelekwe altareni siku ya Misa. Katekista akiwa na idhini ya askofu, anaweza kuwakomunisha kwa hostia zilizowekwa wakfu katika Misa iliyotangulia. Mahubiri yaliyoandaliwa na paroko anaweza kuwasomea.

Kuhusu kwenda sokoni, nikujibu kwa usahihi. Kanuni 1248 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba pasipo padri, kushiriki Liturujia ya Neno "kunashauriwa sana", au kusali kwa muda wa kutosha peke yako, na familia au na jamaa nyingine. Haisemi ni lazima, kwa hiyo jirani yako usimhukumu kuwa ametenda dhambi ya kukosa Misa. Muulize tu huo muda wa sala aliupata saa ngapi, kati ya mizigo na wateja.

Na Dominika ambayo Misa ipo parokiani, nawe una afya na nauli ya bodaboda, nenda Misa. Ibada ya kigango ni ya wale wasioweza kuifikia.