Jibu: Kupanga nyumba moja Lamu, watu wanane, miezi mitatu

Ndugu yangu, umeuliza muanzie wapi, nyinyi wanane mnaotaka kukaa nyumba moja Lamu miezi mitatu mjifunze kuishi pamoja na kuambiana ukweli. Nia njema hiyo, na natamani ifaulu.

Tafuteni nyumba ya mawe ndani ya Mji wa Kale. Ina daka mlangoni pa kupokelea wageni, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, kisha vyumba vinavyofuatana, na kila ukiingia ndani faragha inazidi. Msiidharau faragha hiyo. Watu wanaoshinda pamoja wanahitaji pa kujitenga, la sivyo kinyongo huanzia kwenye masufuria yasiyooshwa na maji ya tangi yaliyokwisha.

Kabla ya kulipa kodi kubalianeni kwa maandishi: pesa, zamu za jikoni, wageni wa kulala, na anayeondoka katikati anarudishiwa nini. Kisha wekeni kikao cha kila wiki, siku ile ile, kila mtu aseme linalomkera bila kukatizwa, na mwenye kuendesha abadilike. Kikao hicho ndicho kiini cha jambo lenu. Mkianza kukiahirisha, mtabaki wapangaji tu.

Nendeni pia kwa mzee wa mtaa mkajitambulishe mapema. Wanaume na wanawake wasiooana kulala nyumba moja, hapa litaulizwa. Kwa maoni yangu chukueni nyumba mbili zinazopakana, mle na mkutane pamoja, mlale mbalimbali. Na msije wakati wa masika, Aprili na Mei.