Barua kwa mwanangu: hema lifungwe kavu

Mwanangu Zuhura,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako asikie huko jikoni. Unauliza kama siku 5 zinatosha kutoka Toulouse hadi Sète kwa baiskeli, nyinyi na wajukuu zangu, huyu wa miaka 8 na yule wa 5, mkilala kwenye hema. Mumeo keshapiga hesabu: Canal du Midi, ule mfereji wa kusini mwa Ufaransa mtakaoufuata, ni kilomita 240, gawa kwa 5, kilomita 48 kwa siku. Hesabu iko sawa. Hesabu siikatai.

Kwanza nikwambie: hema lifungwe kavu. Najua unacheka. Hema likifungwa na umande, usiku wa pili linanuka, usiku wa tatu mnalala na kuvu. Hilo halina mjadala.

Ila kila nikilisema nakumbuka ile siku ya 1998, tulipoupita mfereji huo huo nanyi mkiwa watoto. Nyinyi huwa mnaisimulia kama kisa cha baba na tairi la nyasi, mnacheka, nami nacheka nanyi. Lakini kisa chenyewe hakianzii kwenye nyasi.

Asubuhi hema lilikuwa limelowa chapachapa. Saa mbili mama yako yuko tayari, mizigo iko kwenye keria, kaka yako keshavaa kofia yake ya baiskeli. Mimi nimelitandaza hema juu ya ua wa watu, nangoja jua. Tuliondoka saa nne na nusu. Tungeondoka mapema... lakini hapana, hema lilikuwa jipya, na bado nalilipia kidogo kidogo. Ningefanya nini?

Mpaka karibu na Avignonet tulipita kwenye lami. Baada ya hapo lami ikaisha, ukaanza udongo, na mizizi ya miti ya platani imechomoza kila baada ya hatua chache. Tulipofika Naurouze tairi lako la nyuma likapata pancha. Mimi, mtoto wa fundi baiskeli wa Ngamiani, niliyeziba pancha za nusu ya Tanga kabla sijaota ndevu, nikatoa kibegi cha vifaa kwa madaha. Raba ipo, msasa upo, tyubu keshatoka. Naminya solusheni, haitoki. Imegandia mle mle. Nilikuwa nimeifungua Leicester miaka miwili nyuma, nikairudisha kibegini.

Wakati huo huo ukaja na majani mawili mkononi. Pale Naurouze ndipo mfereji ulipo juu kabisa, mita 189 kutoka usawa wa bahari. Maji yanateremshwa kutoka milima ya Montagne Noire, yakifika pale yanagawanyika: mengine yanarudi upande wa Toulouse na mwisho wake Atlantiki, mengine yanashukia Mediterania. Bila kulitatua hilo la maji, Riquet, yule aliyeujenga, asingeuanza mfereji wake mwaka 1666. Mama yako alikuwa ametoka kukueleza. Ukaniuliza, "Baba, hili litafika bahari gani, na hili je?"

Nikakufokea. Nikasema ungekuwa unatazama mbele badala ya kutazama majani, ule mzizi ungeuona. Tena mbele ya wazee wawili waliokuwa wakila chakula chao kwenye benchi. Hukulia. Majani uliyatia mfukoni.

Nyasi nilizijaza kwenye tairi kama babu yako alivyokuwa akiwafanyia wauza mkaa wasio na senti, na hizo kilomita 13 hivi hadi Castelnaudary uliziendesha ukidundadunda, kimya. Tulikuta maduka yamefungwa. Mji unanukia cassoulet, yale maharage yao yenye nguruwe, sisi tukala mkate wa asubuhi na samaki wa kopo. Hema, nakiri, lilikuwa kavu kabisa.

Mama yako anasema mtoto hasahau chakula, hayo mengine husahau. Huenda. Na kweli kule Béziers, mashua zikishuka zile ngazi za maji za Fonserannes, vile vyumba vya maji vyenye milango vinavyoziteremsha moja moja, uliniuliza maswali mpaka nikaishiwa. Kwa hiyo pengine lile moja nalibeba peke yangu.

Jambo jingine: msitegemee kivuli kile tulichokiona sisi. Tangu 2006 ugonjwa umeingia kwenye ile miti, maelfu imekatwa, na iliyopandwa badala yake inataka miaka. Bebeni maji na kofia. Solusheni nunueni mpya, isiyofunguliwa.

Kuhusu siku 5, mimi sisemi. Mpango ni wenu, na mkwe wangu ni mtu mzima. Sisi tulitumia siku 9, lakini sisi tulikuwa tukianika hema. Nimesema sisemi. Ila huyo mjukuu wangu mkubwa, kutoka mlangoni kwetu hadi kituo cha basi huokota vitu vitatu, nimemhesabia. Kilomita 48... Basi, mama yako ananikanyaga mguu.

Hema liko stoo, juu ya kabati. Njooni mlichukue Jumamosi, ila msije kabla ya adhuhuri, mama yako ana wageni wa darsa.

Baba yako