Kupimwa p53 maana yake nina saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nalima zabibu Hombolo. Kiungulia kimenitesa miaka tisa. Kipimo cha kamera kikaonyesha hali ya Barrett kwenye umio. Sasa wanataka kupima "p53" kwenye kinyama walichokata. Ndiyo saratani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana. Hali ya Barrett ni kwamba tindikali ya tumbo imebadilisha utando wa ndani wa umio, yaani njia ya chakula, na wengi wenye hali hiyo hawafiki kwenye saratani. Jeni ya TP53 hutengeneza protini ya p53, breki inayozuia seli kukua ovyo. Kinyama kikitiwa rangi, p53 ikikolea kupita kiasi au ikikosekana kabisa, huenda breki imekatika na hatari imepanda. Mtaalamu husoma na umbo la seli pia. Zikiwa zimeharibika, huweza kuunguzwa kupitia kamera hiyohiyo, bila kupasuliwa. Na kwa ajili ya kiungulia, kama unakula ugali na mlenda saa nne usiku, kula mapema, tafadhali!