Lokol Ijumaa, kwa senje Jumapili: jibu refu kwa yule msee wa Donholm

Bosi, nimesoma swali lako mara mbili na nimecheka kidogo, sio kwa ubaya, ni vile hiyo ni hadithi yangu mwenyewe ya miaka kumi iliyopita. Umesema uko na miezi nane Nairobi, unakaa Donholm, kila Ijumaa watu wa kazi wanakuvuta baa, kila Jumapili familia iko na kitu, mara chama cha kuchanga pesa, mara ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, mara matanga, na ikifika tarehe 15 unaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Unataka kujua ukate gani. Halafu huko chini kabisa ukauliza kama kuna shida hao watu wa pande mbili wakikutana. Hiyo ya mwisho nitaijibu mwisho.

Kukata huwezi, usijidanganye. 2014 nilijaribu kukata familia, nikawa kila Jumapili niko kazini, kazi gani ya Jumapili sijui, mpaka senje, dada ya baba yangu, akamtuma kijana wake kwangu mtaa wa Umoja aje aone kama niko hai na akanipata lokol, ile baa yangu ya mtaani, saa tisa mchana na mchuzi wa mutura kwa shati. Mwaka uliofuata nikajaribu kukata baa. Hiyo ilidumu wiki sita. Nilikuwa nimehesabu nitaokoa kama elfu tatu kwa wiki lakini nikijaribu kuonyesha zilienda wapi sioni, na fundi wa bomba, mtu wa gesi, yule msee wa kunitafutia nyumba ingine, wote nilikuwa nawajua kwa ile meza.

Lokol yangu iko Umoja, sitaitaja, ukikaa Eastlands miaka kadhaa unazijua zote zinafanana. Kaunta iko nyuma ya grili ya vyuma, imeachwa dirisha kidogo la kupitisha chupa na pesa. Viti vya plastiki, TV mbili, moja ya mpira na ingine haina sauti. Nje kuna jamaa wa choma na jiko la mutura. Ukikaa tu weita anakuja na lile swali moja la baa zote za Kenya, "moto ama baridi?", na hapo ndio unajua mtu ametoka wapi, sababu wazee wa kwetu wanakunywa bia ya moto, yaani haijaingia friji, na vijana wa juzi wanataka mpaka chupa itoe jasho. Mimi ni wa moto. Sheria ya 2010, ile watu huita ya Mututho, ilisema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi na sikukuu, na yote ifungwe saa tano usiku. Saa tano pale kwetu ni mlango tu unafungwa, watu wako ndani.

Nyuma ya grili kuna mama mmoja tutamuita mama wa kaunta. Ako na kaunta buku, ile nyeusi ya mgongo mwekundu, na ukiwa mteja wa kweli jina lako liko ndani na deni lako.

Sasa sikiza mambo ya raundi, sababu naona hapo ndio unapotelea. Mkiwa sita mezani na kila mtu anunue raundi, umekunywa bia sita ulitaka mbili. Na huwezi kukunywa raundi tano za watu halafu yako ikifika uende choo usirudi, mtaani kila mtu atajua hiyo tabia yako kufikia Jumatatu. Mimi nilijifunza kuingia na kusema mapema, kabla sijakaa, "leo niko na bili yangu", na kununua yangu mbili. Watakucheka siku ya kwanza. Ya pili wamesahau. Ukisema ukiwa bia ya nne hakuna mtu atakuamini, hata wewe mwenyewe. Ingine, usiache glasi ukienda choo, maliza ama uimwage, mchele, ile dawa ya kulaza watu waibiwe, uko kwa hizi baa na hauchagui mtu. Na kama uko na gari liache nyumbani, tangu alkoblo, zile mashine za kupima pombe kwa madereva, zianze Desemba 2013 nimeona wasee wakilala seli juu ya safari ya kilomita mbili.

Familia sasa. Yetu inakutana Kangemi kwa senje. Kutoka Umoja ni matatu mbili, ya kwanza tao, ya pili Waiyaki Way, na ukiambiwa chakula ni saa nane jua ni saa kumi na nusu. Usiende mikono mitupu, beba sukari kilo mbili, majani, mkate, ama unga, na umpatie mwenye nyumba jikoni, usiweke mezani kama mgeni. Senje ni mtu wa kanisa la Friends, wale Quaker waliofika Kaimosi 1902, kwa hivyo kwake pombe haitajwi hata kwa mfano. Anakushika mkono, anakuvuta karibu kama anakukumbatia, na kumbe anakunusa. Sifanyi mchezo. Ijumaa na Jumamosi nikikunywa, Jumapili alikuwa anajua, na kitu alikuwa anafanya ni kunipa maombi ya chakula. Simama hapo na hangova uombee watu ishirini na tano na kuku anapoa.

Baada ya chakula inatoka kaunta buku yake. Ndio, ile ile, nyeusi, mgongo mwekundu. Nani ametoa mchango wa karo ya mtoto wa fulani, nani ameahidi na hajatoa, anasoma kwa sauti. Mimi nilichukua miaka mingi kuona hawa wamama wawili wanafanya kazi moja.

Desemba 2019 ndio nilipata adabu. Binamu yangu alikuwa anaoa msichana wa Murang'a na ruracio ilikuwa Jumamosi tarehe 14. Familia ilichanga wiki tatu na kwa sababu nilikuwa na kazi ya ofisi, na watu hudhani mtu wa ofisi anajua pesa, nikafanywa mweka hazina. Pesa zikawa zinaingia kwa M-Pesa yangu, hiyo hiyo ya kila siku, mia tano, elfu, elfu mbili. Zikafika 86,000.

Mwaka huo Jamhuri Dei iliangukia Alhamisi, kwa hivyo mtaa mzima ulikuwa umeanza wikendi siku moja mapema. Ijumaa jioni nikapita lokol kidogo. Nilikuwa na noti zangu mfukoni, hizo nikamaliza kama saa mbili na nusu, na hapo ningeenda nyumbani hii stori haingekuwa. Lakini till namba, ile ya kulipa baa kwa M-Pesa, imeandikwa kwa ukuta na simu iko mkononi. Unabonyeza, unaweka namba ya siri, weita anaangalia mesej anasema asante. Hakuna noti inatoka mfukoni kwa hivyo mkono hausikii kitu. Na mesej ikija inakuambia umebaki na elfu themanini na kitu, sasa mtu wa elfu themanini ataacha wenzake na kiu kweli?

Niliamka saa kumi na moja alfajiri na moyo unapiga. Nikafungua mesej moja moja. Raundi nne za watu sita, bia ilikuwa 200, hiyo 4,800. Nyama na ugali 1,850, na hata sikumbuki nikikula. 2,000 nimemtumia jamaa alisema mtoto wake ni mgonjwa, na siwezi kusema alidanganya. Teksi 600, na kutoka lokol mpaka kwangu ni dakika nane za mguu. Jumla 9,250, pesa ya familia, na gari la kwenda Murang'a linatoka Kangemi saa moja.

Nikampigia mama wa kaunta. Sijui kwa nini yeye, labda ni vile nilijua ndio ameamka ama hajalala. Nikamwambia ukweli wote. Akanyamaza, nikasikia akifungua karatasi, akauliza, "ngapi?" Nikasema nikipata 4,250 ingine nitajipanga. Akatuma. Wakati huo mwisho wa kutuma mara moja ilikuwa 70,000, kwa hivyo nikamtumia senje hiyo kwanza, halafu 16,000, na hiyo ya pili Fuliza ikaingia na 5,000 na kitu pamoja na makato. Yaani ruracio ya binamu yangu ilikamilishwa na baa na Fuliza, na wakwe hawajui mpaka leo.

Nilidhani nimemaliza. Nikafika Kangemi nimeoga, nimepiga mswaki mara mbili, nimekula njugu. Senje akanishika mkono, akanivuta, akaninusa, akasema tu, "pesa yako ilikuja mapema sana." Mesej ya 5:41 asubuhi kwa vipande viwili. Hakuuliza kitu ingine. Kwa gari akanikalisha nyuma kabisa na sufuria, na kutoka Thika Road mpaka Kenol hakuna mtu aliniongelesha, ama labda ni mimi nilikuwa naona hivyo.

Kule wamama wakatufungia geti na nyimbo mpaka tukatoa kitu, sawa, hiyo tulikuwa tumeipangia. Ndani wazee wakaanza na mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike wadogo, kabla ya mengine yote, pesa ikawekwa mezani ikahesabiwa mbele ya watu, noti kwa noti, mzee mmoja wa pande ile akiwa ameinama kabisa kama anazisoma. Nilikuwa nimesimama mlangoni natoka jasho. Ingekuwa imepungua 9,250 wazee wetu wangefanya nini? Binamu akatoka nje akaletewa wasichana wamefunikwa leso kichwa mpaka miguu achague wake, akachagua sawa, watu wakapiga nduru, wakatuletea muratina, ile pombe yao ya kienyeji, kwa kibuyu, na mimi, mimi mlevi mashuhuri wa Umoja, nikasema asante niko kwa dawa.

Jumapili iliyofuata kule kwa senje kuku akaletwa. Kwetu imondo, yaani firigisi, ni ya mwanaume mkubwa wa hiyo nyumba, na tangu mume wa senje afariki nilikuwa nawekewa mimi nikiwa pale. Siku hiyo sahani ikanipita. Akawekewa yule binamu ameoa juzi. Hakuna mtu alisema neno. Kazi yangu ya mweka hazina pia ilikuwa imehamia kwa binti mmoja wa familia, mwalimu, na wakafungua akaunti ya watu watatu kutia sahihi.

Kwa hivyo ushauri wangu kwako ni mdogo sana ukilinganisha na urefu wa hii stori. Pata laini ya pili ya simu, hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, na hiyo ndio ya familia, na ikae nyumbani kwa droo Ijumaa. Ukienda baa beba noti, zikiisha umeisha. Mshahara ukiingia tuma ya chama siku hiyo hiyo, kabla ya rent ukiweza, sababu landilodi unaweza kumkwepa ngazini lakini mama yako huwezi. Hiyo ya kukata upande mmoja sahau. Machi 2020 kafyu ilipoingia baa zikafungwa na mikutano ikakatazwa, pande zote mbili zikakatwa kwa ajili yangu, na bado tarehe 20 nilikuwa sina kitu.

Sasa lile swali la mwisho, kama watu wa lokol wanaweza kukutana na familia. Baba yangu alifariki 2022. Kumtoa Nairobi mpaka Vihiga ni mochari, jeneza, basi, chakula cha watu siku tatu, na kamati ya mazishi ikatakiwa kukutana kila jioni saa kumi na mbili mahali pa katikati. Ukumbi wa kukodi ulikuwa pesa. Mama wa kaunta akasikia, akasema kuna kile chumba cha nyuma, kaeni, hatutawauzia kitu. Nikamwambia senje na nikangoja anitukane. Akauliza tu kama kuna viti.

Akaja na leso yake kichwani na kaunta buku kwa mfuko, kwa miaka yake sabini hajawahi kukanyaga baa, akakaa chini ya poster ya Tusker akaivaa miwani. Wasee wa ile meza yangu wakaingia mmoja mmoja, wamevua kofia, wakatoa mchango, na yule wa 2,000 za mtoto akatoa 3,000 na hakutaja. Senje akaandika majina yote. Halafu weita, ni mgeni, hakuwa amepangwa, akaingia na treyi akamuinamia kwa heshima kabisa, "Mama, moto ama baridi?"

Chumba kikanyamaza. Senje akainua macho juu ya miwani.

"Moto," akasema. "Na usiweke majani mengi."

Ilibidi mama wa kaunta avuke barabara mwenyewe kwenda kutafuta chai.