Saiti moja tu inagoma kufunguka: kabla hujakubali kupigiwa Windows upya, soma hapa

Mkuu uliyeandika kutoka Kasulu, nimesoma swali lako. Umesema laptop inafungua kila kitu, YouTube inacheza, barua pepe inaingia, ila tovuti ya chuo unachoombea nafasi ndo inakataa, na fundi kakwambia dawa ni kupiga Windows upya. Nakuomba usimkubalie kwanza. Mi niko Kigoma mjini, Mwanga, nina steshenari tunajazia watu fomu za vyuo na mikopo, tatizo hili nakutana nalo kila msimu wa maombi na sikumbuki hata mara moja kupiga Windows ndo kukawa dawa, sanasana mtu anapoteza vyeti vyake alivyokuwa kaskani.

Kwanza tenganisha. Fungua hiyo saiti kwenye simu, kwa bando la simu yenyewe. Ikifunguka, washa hotspoti ya hiyo simu uunge laptop, ujaribu tena. Laptop ikifungua kwa hotspoti basi shida iko kwenye mtandao uliokuwa unatumia, ikigoma bado basi shida ni laptop yako. Na kama inagoma kila mahali, au inaleta namba ya kosa 502 au 503, hapo ni seva ya chuo (kompyuta inayobeba saiti yao), huna cha kutengeneza, jaribu alfajiri maana siku za mwisho wa maombi watu wote wanaivamia kwa pamoja.

Pili soma yale maandishi madogo ya chini kwenye ukurasa wa kosa, watu wengi wanaona "haifunguki" wanafunga. Ile kodi ya kosa, yaani yale maneno ya herufi kubwa kama ERR_ nini nini, ndo inakwambia ugonjwa.

Msimu uliopita alikuja mama mmoja na binti yake kutoka Ujiji, mwisho wa maombi ilikuwa kesho yake, laptop yao inafungua saiti zingine ila ya chuo inaleta NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nikafuta keshi na kuki (vile vijifaili vya saiti vinavyobaki kwenye brauza), nikabadili brauza, saa nzima imeisha na yule binti machozi yanamlenga. Kuja kuangalia kona ya chini kulia, tarehe iko nyuma siku 11! Kumbe kibetri cha kutunza saa kwenye mazabodi kilikuwa kimechoka, laptop ikizimwa bila chaji na saa inasimama, ikiwashwa inaendelea pale ilipoishia. Sasa saiti ya https ina cheti cha kidijitali cha kuthibitisha kuwa ni yenyewe, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, chuo walikuwa wamebadilisha cheti siku chache tu nyuma, kwa hesabu za ile laptop hicho cheti kilikuwa bado hakijaanza kutumika, ndo maana ikakataa hiyo moja na zingine zenye vyeti vya zamani kidogo zikafunguka. Nikarekebisha tarehe, ikafunguka hapo hapo, wakatuma maombi. Hicho kibetri mara nyingi ni CR2032, cha volti 3, kikibadilishwa imeisha hiyo.

Na usiangalie saa tu, angalia na majira (time zone, saa za eneo ulipo), iwe UTC+3, Nairobi. Kuna watu wanasogeza mishale mpaka saa ionekane sawa huku majira yameachwa ya Marekani, kompyuta inakuwa inakosea masaa mengi na bado unaona iko sawa.

Kodi ikiwa ERR_NAME_NOT_RESOLVED au DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, hiyo ni DNS, yule anayegeuza jina la saiti kuwa namba ya seva. Ni kama umeulizia nyumba ya mtu Gungu ukaambiwa hatumjui, au ukapelekwa alikohama zamani. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri, tafuta cmd kwenye Start), andika ipconfig /flushdns, ikigoma weka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya mtandao. Kwenye simu za Android 9 kwenda juu kagua ile DNS ya faragha, vijana wanaiweka kuzuia matangazo afu wanasahau, inaziba na saiti za watu. VPN nayo, ile app ya kupitishia mtandao wako kwingine, zima.

Kama ni Windows 7, Chrome yake iliishia toleo la 109 mwaka 2023, weka brauza ya Firefox 115 ESR ujaribu nayo. Kuki futa za hiyo saiti peke yake, jaribu kwanza dirisha fiche (incognito) uone kama inafunguka, usifute zote ukatolewa kila mahali.

Kitu kimoja nasisitiza, onyo la cheti likija usibonyeze kuendelea kwa nguvu afu ukajaza namba ya NIDA na nywila, huwezi kujua nani yuko katikati.

Jaribu hotspoti leo, afu uandike hapa hiyo kodi kama ilivyo, herufi kwa herufi, na tarehe inayosoma kwenye laptop yako, niko hapa mpaka usiku.