Nyie wa vitalu nyumba (greenhouse), njooni hapa

Juzi kijana mmoja wa Kisesa kanipeleka kuona kitalu chake kipya. Nailoni inang'aa, mipira ya dripu ya kumwagilia imenyooka, na ndani kapanda mchicha. Mchicha, mwanangu! Ule unaojiotea nyuma ya kila choo Mwanza hii. Nilicheka, kisha nikakumbuka yangu, nikanyamaza.

1. Ndani weka zao linalokushinda nje: nyanya, hoho za rangi, tango.

2. Nyanya iwe ndefu, ya kupanda kamba. Ukiweka fupi, umenunua hewa ya juu bure.

3. Neti haichagui adui na rafiki. Hapa nitakaa kidogo.

Msimu wangu wa kwanza, Usagara, nilijenga neti ya matundu madogo kabisa kwa hofu ya inzi weupe na kantangaze, yule kiwavi mharibifu wa nyanya. Nikapanda tango, mbegu ileile niliyoizoea nje. Miche ikapanda kamba kama inafukuzwa. Maua ya njano mpaka nikawapigia picha mashemeji. Kisha vitango vya saizi ya kidole vikaanza kugeuka njano na kudondoka. Nikasema ni njaa, nikapiga busta, mbolea ya kunyunyiza majani. Vikadondoka. Nikaongeza maji. Vikadondoka. Nikapiga dawa ya ukungu ambao sikuwa nimeuona. Mwisho nikaenda agroveti kumgombeza muuzaji mbele ya wateja wake kwamba kaniuzia mbegu feki. Baba wa watu akanirudishia nusu ya hela ili niondoke tu. (Nilimrudishia baadaye. Hadi leo akiniona anapanga makopo.)

Aliyenitoa ujinga ni mayu (mama) jirani, alikuja kuomba majani ya mbuzi. Akachungulia, akauliza: "Baba, nyuki wanaingilia wapi humo?"

Nilikuwa nimewafungia nje. Tango la kawaida lina maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mche mmoja, na chavua, ule unga wa ua dume, haitembei yenyewe. Wiki tatu zilizobaki niliamka alfajiri, nachuma dume, napakaza jike, moja moja, maana ua likishapitiwa na siku yake ndiyo basi. Mke wangu akaniita mkunga. Kwa hiyo ndani ya neti nunua tango linalozaa bila kuchavushwa. Ghali, ndiyo, mbegu utazihesabu kama noti. Tikiti na maboga yabaki nje na nyuki wake.

4. Nyanya hujichavusha. Asubuhi tikisa kamba, inatosha.

5. Mnyauko bakteria unatoka udongoni, neti haiuoni. Kata shina la mche ulionyauka, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi wa maziwa unashuka, hapo usirudishe nyanya, hoho, bilinganya wala nyanya chungu. Ni ukoo mmoja. Weka chainizi.

6. Nailoni bila madirisha ni tanuri. Joto likipita nyuzi 35 maua ya nyanya hupukutika.

Yule wa Kisesa kaniuliza kama aung'oe mchicha. Nimemwambia auze kwanza, halafu anioneshe pakiti ya mbegu kabla hajaifungua. Kanijibu keshanunua. Tikiti.