Ukisoma Huria ukiwa Kasulu, usifiche

Walimu wengi huku Kasulu na Buhigwe wakijiunga na Chuo Kikuu Huria huanza kimyakimya. Wanaogopa maneno: mtu mzima, ana watoto sekondari, leo naye anabeba daftari! Mimi nasema tangaza. Ajue mwenza wako, ajue mkuu wa shule, wajue hata wale wa kikoba.

Umbali si tatizo kubwa. Chuo hiki cha serikali kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia, na kituo chake cha mkoa kipo Kigoma mjini, kama kilomita 90 kutoka hapa. Kinachokwamisha watu ni mji mdogo wenyewe. Hapa kila mtu anakujua. Ikija harusi, wewe ndiye mwalimu, basi ukatibu wa kamati ni wako, na vikao huanza jioni mpaka watu wachoke. Ikija misiba ndiyo kabisa. Wasiojua kwamba una mtihani watasema unaringa; wakijua, wao wenyewe watakutetea. Jirani yangu alikuwa akiwarudisha wageni kabla hawajabisha hodi: "Mwalimu anasoma, njoo kesho." Msibani nilikuwa nawahi, natoa rambirambi, nakesha usiku wa kwanza, kisha naaga. Hakuna aliyenuna.

Kwa mwajiri, usiishie kwenye maneno. Andika barua ya kuomba ruhusa ya kusoma, ipitie kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, ubaki na nakala yenye muhuri. Siku ya kudai kubadilishiwa cheo, ruhusa ya mdomo haina kazi. Na kabla ya yote angalia cheti chako: anayeingia shahada kwa stashahada anatakiwa GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0. Ukiwa chini ya hapo, ulizia pale kituoni programu ya msingi, ile ya kukuandaa kuingia shahada.

Tafuta wenzako wawili wa kusoma nao. Watatu wanatosha, mkifika sita hicho ni kikao, mtaanza kuchagua mwekahazina. Pakua vitabu usiku bando likiwa rahisi, na zile sura nzito zichapishe steshenari mapema, kwa sababu umeme ukikatika wiki ya mitihani foleni yake si mchezo.

Wakati wa mitihani nenda Kigoma siku moja kabla. Noah ya saa kumi na moja alfajiri haiondoki saa kumi na moja, inaondoka ikijaa. Lala gesti, chumba cha nyuma, mbali na barabara. Ndugu zako wa Ujiji wapitie ukishamaliza karatasi ya mwisho, maana wakishakutengea mgebuka wa mawese na habari za nyumbani zikaanza, usiku huo husomi wala hulali.